Paa la Jiko Letu la Kibomet

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mke wangu anajua, wanafunzi wangu wanajua, na mwalimu mkuu anajua zaidi, maana ndiye aliyenikabidhi chama cha historia akisema labda makumbusho yatanituliza. Nafundisha historia katika shule ya kutwa hapa Kitale. Nimefundisha vita vya Wazungu kwa Wazungu, na vita vya Wazungu dhidi ya babu zetu, nikachora mishale ubaoni kuonyesha nani alimvamia nani. Vita vya vijana waliobeba bunduki kugombea mashamba pale mlimani, ambavyo moshi wake niliuona kwa macho yangu nikiwa kijana wa sekondari, sikuwahi kuvifundisha hata kipindi kimoja. Havikuwa kwenye silabasi, na kimoyomoyo nilishukuru kwamba havimo.

Aliyeniharibia raha hiyo ni mwenyekiti wa chama, msichana wa kidato cha tatu kutoka Kipsongo, ambaye mama yake huuza matumbo karibu na kichinjio. Tulikuwa tumepewa karakana ya zamani ya useremala tuigeuze chumba cha makumbusho kabla ya siku ya wazazi. Nilikuwa nimeandika ubaoni, kwa mwandiko mzuri, habari za vita viwili vya dunia. Akainua mkono.

"Mwalimu, hizo za Wajerumani si tuliweka mwaka jana? Sasa tufanye ya huku. Ya mlima. Hata hapa ndani kuna watu walikimbia."

"Walikimbia wakiwa na miaka mingapi? Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa."

"Walikimbia wakiwa kwa tumbo, mwalimu."

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, kwa sababu alikuwa anajisema mwenyewe. Nilimfokea akae chini. Halafu nikafuta ubao.

Tukaanza kupanga. Sheria niliitunga mimi, na nilijivunia sana: hakuna kitu kitakachoingia karakana bila kibandiko, na kila kibandiko kiseme mambo matatu, ni kitu gani, kimetoka kwa nani, na kabla ya hapo kilikuwa wapi. "Kitu kisichojulikana kilikotoka ni takataka," niliwaambia, "hata kiwe cha dhahabu." Waliyaandika maneno hayo kwenye karatasi ya manila wakayabandika mlangoni.

Vitu vikaanza kuja. Redio iliyopasuliwa kwa shoka. Sufuria yenye tundu la risasi, ambayo nyanya wa mwanafunzi mmoja aliendelea kuitumia kupimia mahindi. Mwingine alileta picha ya babu yake amefunga kitambaa kichwani, na kitambaa kile kilikuwa kinaficha mahali sikio lilipokuwa. Nilimuuliza babu alisemaje kuhusu picha hiyo kuonyeshwa. Akanijibu kwamba babu alisema ionyeshwe, lakini yeye mwenyewe hatakuja kuiona.

Wavulana nao walinunua makopo mawili ya rangi nyekundu. Mpango wao ulikuwa kuirusha kutani, itiririke mpaka sakafuni, wazazi waingie wakipiga mayowe. Nilipofika nikakuta wameshamaliza ukuta mmoja. Nilichukua kopo lililobaki nikalitupa dirishani, likapasukia kwenye maua ya mwalimu mkuu, na nikawatukana kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyatoa. Mwenyekiti hakutikisika.

"Na kwanza si hivyo," aliwaambia wenzake. "Damu ikikaa inakuwa nyeusi. Inanata. Mimi naosha kichinjio kila Jumamosi, niulizeni mimi."

Waliupaka ukuta chokaa upya, na hakuna aliyezungumza tena juu ya rangi.

Mwalimu mwenzangu wa Bungoma ndiye aliyetuelekeza kwa mama mmoja aliyeshuka kutoka mlimani miaka ile na hakurudi tena. Tulikwenda Jumamosi, mimi na wanafunzi sita. Aliishi viungani mwa mji huo wa Bungoma, katika nyumba ya udongo iliyopakana na shamba la miwa. Alitukaribisha kwa chai na viazi vitamu. Mkono wake wa kushoto aliuficha ndani ya leso muda wote. Mwanawe mkubwa, fundi wa kuchomelea vyuma, alisimama mlangoni na kukataa kiti. Niliona kwamba anatuhesabia dakika.

Mama hakuhitaji kuulizwa. Mwenyekiti alipowasha simu yangu irekodi, alianza.

"Walikuja saa kumi jioni. Tulikuwa tunapukuchua mahindi. Walikuwa saba. Wawili nilikuwa nawajua tangu wakiwa watoto, wamekula kwangu. Mmoja akapiga bunduki juu, tukiwa ndani ya nyumba. Mara tatu. Kutu ya mabati ikatuangukia kwa macho. Wakaambia mzee wangu apande, atoe mabati yeye mwenyewe."

Mmoja alimkanyaga mama shingoni akamlaza kifudifudi penye mahindi. Mwingine alimshika mtoto, yule aliyekuwa sasa amesimama mlangoni, wakati huo ana miaka tisa. Kila msumari ulipokataa kung'oka, mtoto alipigwa ubapa wa panga kichwani.

"Mzee wangu alikuwa ananiambia kutoka kule juu, 'Mama, angalia chini, usiangalie mtoto.' Aling'oa yote. Nyumba nzima. Kisha wakambebesha mpaka balabala, rori ilikuwa inangoja huko. Alienda, akarudi, akaenda, akarudi. Mzigo wa mwisho hakurudi."

Fundi alijipapasa kisogo, polepole, bila kujua kwamba anajipapasa.

Baada ya hapo vijana wale waliichoma nyumba, naye mama akajificha na watoto migombani siku tatu, halafu akashuka kwa miguu. Kisha akaanza kumtafuta mume. Alimtafuta katika jela, katika kambi za wanajeshi waliokuja baadaye, na katika kila mochari kuanzia Bungoma mpaka Eldoret, akifunuliwa maiti mmoja baada ya mwingine. Shamba lao kule mlimani lilikuwa kwa jina la mume, na ofisini walimwambia alete cheti cha kifo. Alipokwenda kuomba cheti, wakamwambia alete mtu aliyeona. Hata wajane wa kanisa walimtoa kwenye kikundi chao.

"Ati mimi si mjane, bwana yangu anaweza rudi. Na kumzika siwezi, nitazika nani? Natafuta mtu mmoja tu, aliona. Sina haja afungwe. Aseme tu kwa mdomo wake: niliona."

"Tutamtafuta, mama," mwenyekiti alisema.

Njiani nilimgombeza. Nilimwambia mwanahistoria haahidi watu vitu, anaandika tu alichoambiwa. Alinitazama, na nilijisikia mdogo.

Tuliporudi Kitale uamuzi ulikuwa umeshafanyika wenyewe. Katikati ya karakana tungejenga chumba cha yule mama, chumba kimoja cha mabati, sauti yake ikisikika ndani. Mabati mapya yangetuaibisha. Tulihitaji ya zamani, yenye kutu na moshi, na mimi nilijua yalipo.

Kwa baba yangu, Kibomet, palikuwa na jiko kuukuu lililofungwa kwa kufuli tangu mama alipofariki. Nililelewa katika jiko hilo. Baba alikuwa na lori, akinunua mahindi kwenye miteremko ya mlima na kuyapeleka Moi's Bridge, na jioni alikula pale pale kando ya moto, koti bado mwilini. Sasa lori limeuzwa siku nyingi, kuna jiko jipya la matofali, na lile la zamani halina kazi. Nilimwomba mabati yake.

"Hapana."

"Ni ya shule, mzee. Ni kwa muda tu."

"Nimesema hapana. Hilo jiko haliguswi, bana. Tafuta kwingine."

Nilifikiri ni kwa ajili ya mama yangu, nikanyamaza. Wiki ikapita, nikaanza kufikiri ni ubahili, na hasira zikanipanda. Siku alipokwenda mazishini Moi's Bridge, niliwachukua wanafunzi na nyundo, na kufikia saa sita jiko lilikuwa kipara. Mwenyekiti ndiye aliyekuwa juu ya ngazi. Aliniita nione kitu: kila bati lilikuwa na matundu ya misumari safu mbili, safu moja ikiwa imezibwa kwa lami.

"Mwalimu, haya yalikuwa kwa nyumba ingine kwanza."

"Mabati ya mitumba," nilisema. "Nani hajawahi kununua? Shusha."

Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi mtunga sheria.

Baba alitukuta karakana tukiteremsha mzigo. Alikuwa bado amevaa suti ya mazishi. Hakusalimu mtu. Aliokota ubao wa mbili kwa mbili akanipiga nao begani, akanipiga mgongoni, akauinua tena kunilenga kichwa, na mimi ni mtu mzima mwenye watoto wawili, mbele ya wanafunzi ninaowafundisha nidhamu. Wasichana walipiga kelele. Niliushika ubao, na kwa hasira nikamsukuma. Alianguka chali kwenye vumbi la mbao.

Alikaa pale chini akiyatazama mabati yaliyoegemezwa ukutani.

"Rudisha," alisema. "Rudisha leo."

"Nenda nyumbani, mzee."

Alijiinua mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kumsaidia, na mimi sikutaka. Niliwaambia wanafunzi kwamba wazee hushikilia vitu vya zamani, tusimjali. Lakini bega liliniuma usiku kucha, na lililoniuma zaidi ni jinsi alivyokuwa mwepesi nilipomsukuma.

Kibandiko cha mabati nilikiandika mwenyewe. Mstari wa kwanza: mabati. Wa pili: kutoka kwa familia ya mwalimu, Kibomet. Wa tatu niliuacha wazi, nikijiambia nitaujaza baadaye.

Upande wa ndani wa mabati ulikuwa mweusi kwa masizi ya miaka ya kupikia. Wanafunzi walipolifuta bati moja kwa kitambaa chenye maji na sabuni, alama ya kiganja ilijitokeza, kiganja cha rangi ya buluu, na kidole kimoja kifupi kuliko vingine. Walifurahi kweli. Walisema ni mtoto alicheza na rangi. Nami nilifurahi nao, nikaamuru bati hilo liwekwe karibu na mlango, usawa wa macho, watu walione wakiingia.

Siku ya wazazi ilifika. Kwaya iliimba, mwalimu mkuu akahutubia mpaka watu wakaanza kujikuna, kisha karakana ikafunguliwa. Mama wa Bungoma alikuja na mwanawe, amevaa gauni la kanisani. Tulimpa heshima ya kuingia wa kwanza. Nilimfuata nyuma, nimejitayarisha kumweleza kazi nzuri tuliyofanya.

Hakupita mlango. Sauti yake mwenyewe ilikuwa ikisema "alienda, akarudi," na yeye alisimama mbele ya kile kiganja. Aliutoa mkono wa kushoto ndani ya leso. Kidole cha shahada kilikuwa kimekatwa kwenye kifundo. Baadaye alinieleza ni mashine ya kukatia ng'ombe nyasi. Aliuweka mkono juu ya ile buluu. Ulikaa sawasawa, kidole kwa kidole, na kile kifupi juu ya kile kifupi.

"Hii ni bati yangu," alisema.

Nilisema kitu, sijui nini. Hakunisikiliza.

"Sisi wamama wa chama tulikuwa tunachanga pesa, tunanunuliana mabati. Ya kwako ikifika, wote wanakuja, mnakunywa chai, unapiga mkono na rangi kwa moja. Ndio isiibiwe." Alitazama juu, akaona matundu matatu yaliyozibwa kwa lami, tofauti na ya misumari. "Na ile ni bunduki yao."

Fundi alikuwa ameinama kwenye kibandiko. Alikisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma barua ya mtu.

"Familia ya mwalimu," alisema. "Mwalimu gani?"

"Ni mimi," nilisema. "Ni ya baba yangu."

Ngumi ya kwanza ilinipata mdomoni, na jino likang'oka. Ya pili sikuiona. Nilikuwa chini, naye alikuwa juu yangu akinipiga kwa mikono yote miwili, akilia kwa sauti ya mtoto, huku wazazi wakikanyagana kutoka nje. Alipoona nimefunika uso, aliinuka akalishika bati lililokuwa karibu na kuling'oa kwa mikono mitupu. Makali yalimpasua viganja. Aliling'oa la pili, la tatu, akiyatupa kutani, na kila lilipoanguka lililia, na damu yake ikawa juu ya chokaa mpya. Wavulana waliotaka rangi nyekundu walikuwa wamejibanza pembeni.

"Wacha!" mama alisema. "Wacha, baba. Huyu alikuwa mtoto kama wewe."

Aliacha. Mama aliinama, akanishika kidevu, akaniinua uso.

"Mwalimu. Baba yako alikuwa na rori?"

Niliyajua yote mara moja. Kufuli, ubao, yale mabati yaliyotobolewa mara mbili. Nilitema damu nikasema ndiyo, mama, alikuwa nayo.

"Nipeleke."

Kutoka shuleni mpaka Kibomet si mbali. Tulikwenda kwa miguu, mama mbele, mimi na fundi nyuma yake tukitokwa damu, na mwenyekiti ambaye hakualikwa lakini hakuna aliyemrudisha. Baba alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko lisilo na paa. Alipomwona mama alisimama. Mama hakusalimu. Alimwinulia ule mkono wa kushoto.

Baba alivua kofia.

"Huo mkono nimeuosha," alisema. "Nikausugua kwa petroli. Ukakataa kutoka."

Kisha akasema mengine yote, akiwa amesimama, kofia mkononi. Alikwenda mlimani kununua mahindi na vijana wakamsimamisha, wakamwekea bunduki shingoni, wakamwambia leo lori ni lao. Likapakiwa milango, cherehani, magunia, mabati. Alikaa kwenye usukani na bunduki ikiwa ubavuni. Aliona mtu mmoja akija na mabati kichwani na kurudi, na kuja tena.

"Alikuwa mrefu?" mama aliuliza.

"Alikuwa mrefu. Alipoleta mzigo wa mwisho akapita karibu na dirisha langu. Akaniambia polepole, 'Ukifika salama, ambia mama wa watoto nimeenda. Asinitafute.'"

Mama alikaa chini, pale pale kwenye mchanga.

"Walimwambia apande juu awashikie mzigo. Tukaondoka. Kumbe kosa lake lilikuwa moja. Alikuwa amemwita mmoja wao jina lake la nyumbani. Kumsalimia tu, ati labda atamhurumia. Wakajua anawajua. Walimkata juu ya mabati, mimi nikiendesha. Nilisikia panga ikigonga bati. Nikaendelea kuendesha. Kwa daraja ya Nzoia wakaniambia nisimame, wakamtupa kwa maji."

Fundi alikuwa ameegemea ukuta, viganja vyake vinadondosha damu kwenye viatu. Hakumkaribia baba. Nilidhani angemuua, na sikuwa nimeamua kama ningemzuia.

"Moi's Bridge mnunuzi alichukua kila kitu. Yale yenye damu akakataa kugusa. Vijana wakaniachia. 'Hiyo ni yako, mzee wa lori.' Ningeyatupa, watu wangeuliza mbona natupa mabati mazuri. Nikayaosha. Nikaezeka jiko, moshi uyafunike."

"Na ujumbe wangu?"

"Niliogopa, mama. Baadaye nikaona aibu. Kisha miaka ikawa mingi. Sikujua jina lako."

"Ungeuliza," mama alisema. Hakupaza sauti. "Mimi nimefunua maiti miaka hiyo yote, mzee. Ungeuliza."

Nilimchukia baba yangu siku ile, na sioni sababu ya kulificha. Nilikumbuka ugali wa jiko lile, mvua ikipiga juu, na sisi tukicheka. Nilikumbuka pia kwamba nilikuwa na umri wa kutosha kuona paa jipya likiezekwa kwa mabati ya zamani, na sikuuliza kitu, kwa sababu nilifurahi kwamba halivuji tena.

Baba aliandikisha taarifa polisi, kisha kwa chifu, kisha mbele ya ofisa wa vyeti. Aliulizwa maswali ya kumdhalilisha na akayajibu yote. Mwalimu mkuu alitaka karakana ifungwe kabisa. Wanafunzi waligoma kuingia darasani mpaka akakubali ibaki wazi, mabati yakiwa yamelala sakafuni jinsi fundi alivyoyaangusha, na mstari wa tatu wa kibandiko ukajazwa na mwenyekiti kwa mwandiko wake. Mama aliombwa achukue mali yake. Alichukua bati moja tu, lile la mkono.

Kwao, mtu ambaye mwili wake haupatikani huzikiwa mgomba. Shina hukatwa kwa urefu wa marehemu, likavikwa nguo zake, likalazwa kaburini na kuombewa. Siku ilipopangwa, mama alituma neno kwamba baba yangu aje, na aje na jembe lake.

Tulifika Bungoma asubuhi. Wazee wa ukoo walipinga: kaburi huchimbwa na vijana wa nyumbani, haiwezekani mgeni, tena mgeni kama huyu, atie jembe katika ardhi yao. Mama aliwasikiliza mpaka wakamaliza.

"Yeye ndiye alikuwa na mzee wangu mwisho," alisema. "Atachimba yeye."

Baba alivua koti akanipa. Udongo wa pale ni mgumu, na yeye amepita miaka sabini. Alichimba saa ya kwanza bila kupumzika. Saa ya pili mikono yake ilikuwa imechubuka, na mpini ulikuwa unateleza kwa damu. Watu walisimama kuzunguka shimo. Wajane wa kanisa walikuwa wamekuja, wamevaa vitambaa vyao vyeupe, na walikuwa wamemwekea mama kiti katikati yao. Nilivua shati nikashuka shimoni nimpokee jembe. Fundi alinishika mkono akanitoa, bila ukali, akatikisa kichwa.

Shina la mgomba lilikuwa limelazwa kando kwenye mkeka, limevikwa suruali na shati lililopigwa pasi. Baba aliegemea ukingo wa shimo, akipumua kwa shida, akamtazama mama.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nguvu zimeniisha. Hapa si panatosha?"

Mama aliinuka kutoka kwenye kiti chake katikati ya wajane. Alikuja mpaka ukingoni, akatazama shimo, akatazama shina kwenye mkeka, akarudi kutazama shimo.

"Chimba, mzee," alisema. "Bwana yangu alikuwa mrefu."